Naomba ushauri: pampu za zamani ni API 610 toleo la 11, mpya tuagize kwa toleo la 12?

Wakuu, habari za kazi. Nina pampu mbili za OH2 (za mlalo, impela, yaani gurudumu la kusukuma maji, ikining'inia mwishoni mwa shafti) zinazosukuma kondenseti, zote zilinunuliwa kwa API 610 (kiwango cha pampu za viwanda vya mafuta na gesi) toleo la 11, lile la 2010. Moja imechoka. Sili (kizuia uvujaji cha shafti) inavuja kila baada ya miezi michache, na tukiifungua tunakuta uso wake umelika upande mmoja. Binafsi naushuku mtiririko kuliko sili yenyewe, maana tunaiendesha kwenye asilimia 55 hivi ya mtiririko wa ufanisi bora (ule ambao pampu inafanya kazi vizuri zaidi), wakati API inapendelea 70 hadi 120. Mtetemo kwenye beringi unagonga 4.5 mm/s, pampu mpya hairuhusiwi kuvuka 3.0.

Sasa tunaagiza nyingine. Jamaa wa manunuzi anataka kutuma karatasi ya data ileile ya zamani, abadilishe tarehe tu (kazi rahisi hiyo!). Mimi nataka toleo la 12 la 2021, na mtiririko wa kazi tuupime upya kwanza, uangukie kati ya asilimia 80 na 110 ya ufanisi bora. Kubadilisha toleo huku namba za mtiririko ni zilezile za uongo haitusaidii.

Kwa waliowahi kuwa na matoleo mawili kwenye laini moja, moja ikiwa ya akiba: vipuri vilileta shida? Na sili mliagiza ileile, au mlijaza upya karatasi ya API 682 (kiwango cha sili za pampu)? Kuna anayenishauri tukate impela ya zamani (tupunguze kipenyo chake), ila sioni kama itatibu tatizo.