Anayesoma riwaya za upelelezi, tumhesabu msomaji au la?

Wadau, swali lilikuwa jepesi tu: kila mtu anasoma nini kwa sasa, na anakipendea nini hicho anachokisoma. Wapo waliotaja diwani za mashairi, wapo waliotaja wasifu wa viongozi, na wengi sana wametaja riwaya za upelelezi na za mapenzi. Ndipo mwenzetu mmoja akaweka hoja ambayo haifai kupita hivihivi. Kwa ufupi, anasema kusoma fasihi pendwa, yaani hadithi za kuburudisha kama hizo za upelelezi na mapenzi, ni kuua muda, kwamba msomaji wa kweli ni yule anayehangaika na vitabu vizito, na kwamba mtu mzima hapaswi kujibu "kinanisisimua" anapoulizwa kwa nini anapenda kitabu.

Napinga. Na napinga kwa sababu maneno hayo yanawafukuza watu vitabuni.

Tuanze na huo mgawanyo. Wahakiki wetu wamezoea kuitenga riwaya mafungu mawili, fasihi dhati, yaani ile inayohesabiwa kuwa nzito, huku na fasihi pendwa kule. Darasani una kazi yake, sibishi. Lakini heshima ya kitabu haikai mahali pamoja. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku shuleni kwa jinsi ilivyoyasema waziwazi maisha ya msichana na wanaume waliomzunguka. Baadaye riwaya hiyohiyo ikaingia sekondari na kufundishwa. Maandishi ni yaleyale; kilichogeuka ni macho ya wakubwa. Sasa leo tukimwambia kijana kwamba alichoshika mkononi si kitabu cha maana, tuna uhakika gani?

Mimi kwa sasa narudia Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla. Hadithi hii ilishinda mashindano ya uandishi ya 1957–58, ikachapwa kitabu mwaka 1960, na ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa riwaya ya upelelezi katika Kiswahili. Ukiifuata hoja ya mwenzetu, basi iko fungu la kuua muda. Hebu itazameni kwa karibu. Mtu ameuawa, na mauaji yanahusishwa na mahali ambapo watu wanapaogopa kwa sababu ya mizimu. Hofu hiyo inamfaa sana muuaji, maana anayeamini kwamba mzimu umeua hana haja ya kumtafuta mtu. Bwana Msa, mpelelezi wa hadithi hii, anakuja na kiko chake mdomoni na akili yake, basi. Anachekecha maneno: nani aliona kwa macho yake, na nani anasimulia alichosikia kwa mwingine?

Ukisoma kwa makini unajikuta na wewe unafanya kazi hiyohiyo. Mhusika anatamka jambo, unasita, unarudi kurasa kadhaa nyuma kuhakikisha kama ndivyo alivyosema mwanzo. Hakuna mwalimu aliyekuamuru, hakuna mtihani. Umerudi kwa hiari yako kwa sababu unataka kujua. Msisimko unaodharauliwa ndio unaomfanya mtu apime ushahidi na kukataa jibu la kwanza linalokuja. Nimesoma vitabu vizito ambavyo havikuwahi kunidai umakini wa namna hiyo, maana mwandishi alikuwa amekwisha kunifikiria kila kitu.

Halafu kuna Elvis Musiba, mwandishi wa riwaya za kijasusi. Kufa na Kupona ilitoka 1974, Kikosi cha Kisasi 1979, na Willy Gamba, jasusi shujaa wa riwaya hizo, akawa jina la kila kijiwe. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963, na vita vya kusini mwa bara vilikuwa havijaisha. Musiba alichukua mapambano hayo dhidi ya makaburu na mawakala wao akayageuza kuwa hadithi ambayo mtu haiweki chini. Msomaji ambaye asingefungua kitabu cha historia ya ukombozi aliupata mgogoro ule kwa njia hiyo, akajua nani anapigana na nani, na kwa nini.

Hapa ndipo mwenzetu ana haki, nami sitaki kumnyima. Katika riwaya nyingi za aina hii mwanamke akitokea aghalabu ni pambo au ni mtego. Risasi humkosa shujaa hata pale ambapo hakuna sababu yoyote ya kumkosa. Zipo zilizoandikwa mbiombio, mhusika anaanza na tabia moja na kumaliza na nyingine bila maelezo. Huo ni udhaifu na usemwe kwa sauti. Ila ni udhaifu wa vitabu fulani, unaoonekana ukivisoma. Haupatikani kwa kutazama jalada na kusema "ah, hizi za kijasusi". Na vitabu vizito navyo vina vyake: mahubiri marefu, wahusika wasio na damu, ugumu ambao ukiupasua ndani hakuna kitu.

Isije ikadhaniwa naukimbia ugumu. Nagona ya Kezilahabi, iliyotoka 1990, ni nyembamba sana na inachosha kichwa kuliko vitabu vinene vingi, nami naipenda mno. Naipenda kwa sababu kila nikidhani nimeshika njia, inanipotea, na najikuta naitafuta tena. Nikikaa na kuitazama raha hiyo, naona inakaribiana sana na ile anayonipa Bwana Msa. Tofauti ni kwamba Msa mwishoni atanipa jibu, Kezilahabi hanipi. Sioni kwa nini raha moja iitwe elimu na nyingine iitwe upuuzi.

Hoja ya muda ndiyo nzito kuliko zote alizotoa: maisha mafupi, vitabu vingi, kwa nini usichague vilivyo bora? Nakubali tuchague. Lakini anayejua kuchagua ni yule aliyekwisha kusoma vingi, vibaya vikiwamo, hadi akajua mwenyewe ladha ya sentensi iliyonyooka na ya ile iliyobabaishwa.

Kwa hiyo naomba mjadala uende hivi. Anayesema fasihi pendwa haifai, achague riwaya moja, atuwekee ukurasa wake mmoja, atuonyeshe ubovu uko wapi. Na walimu mliomo humu mtujibu: maktaba za shule ziziweke riwaya hizi rafuni pamoja na vitabu teule, au zisiziweke? Mimi nasema ziziweke, na mwanafunzi aruhusiwe kuazima bila kuulizwa itamsaidia nini kwenye mtihani. Anayepinga aseme kwa nini.