Filamu za Ilsa ziendelee kuuzwa au zipigwe marufuku?

Mwanahamisi K: Wadau, naleta hoja. Filamu ya kwanza ya Ilsa ilitoka 1975: mkuu wa kambi ya Wanazi, mwanamke, anawatesa wafungwa huku kamera ikiwahesabu maungo. Mwisho anapigwa risasi anakufa. 1976 kafufuka, yuko jangwani kwa masheikhe wa mafuta. 1977 yuko Siberia kwenye gulagi, kambi ya kazi ngumu ya Wasovieti. Bado zinauzwa, na vijana wanazipakua. Ni sawa?

Fundi Seti: Ziuzwe. Uingereza miaka ya 80 polisi walikamata kaseti za aina hii madukani, ikawa ndiyo tangazo, kila kijana akazitafuta. Halafu ile ya kwanza ilipigwa kwenye majengo ya kuigizia ya Hogan's Heroes, kichekesho cha kambi ya Wanazi kilichorushwa runingani miaka. Kucheka ruksa, kuogopa marufuku? Na vita vya Wazungu sisi vinatuhusu nini?

Mzee wa Usa River: Vinatuhusu nini? Fundi, umewahi kushuka Tengeru, hapa Arusha? Wapolandi kama 5,000, wengi wanawake na watoto, Warusi waliwang'oa makwao wakawatupa Siberia na Kazakhstan, wakatokea Uajemi, wakaletwa hapa 1942. Makaburi yao yapo mpaka leo. Na hiyo ya tatu inafanya Siberia mahali pa kustareheshea watu.

Akiiki: Hata kwetu Masindi, Uganda, walikuwepo. Kanisa walilojenga Nyabyeya bado limesimama.

Fundi Seti: Mzee, usinipe darasa. Gulagi ya kwenye filamu ni ya 1953, Wapolandi wako walishaondoka huko zamani. Na wafungwa wa mle ni wanaume. Babu yangu alipigana Burma akiwa KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, mbona hamumlilii?

Akiiki: Kumbe vilikuhusu!

Abu Salim, Muscat: Mnaruka ya pili. Bei ya mafuta ilipanda 1973, na miaka mitatu baadaye Mwarabu keshakuwa mnunuzi wa wanawake kwenye sinema. Vijana wa Ulaya wamekua na sura hiyo yetu. Hilo halimuumi mtu?

Fundi Seti: Biashara ya utumwa haikuwepo, Abu Salim?

Abu Salim, Muscat: Ilikuwepo, na mimi nazungumzia sinema. Usinitupie Bagamoyo kila nikifungua mdomo.

Mwanahamisi K: Jamani! Kambi ya kweli ya Wanazi ya wanawake ilikuwa Ravensbrück, Ujerumani. Herta Oberheuser, daktari, alishiriki kuwachana miguu wasichana wa Kipolandi na kutia uchafu kwenye vidonda ili wajaribu dawa. 1947 akahukumiwa miaka 20, 1952 yuko nje, akarudi kutibu watu. Hakuwa na buti za kung'aa wala vifungo wazi. Anayemjua Ilsa tu, huyu daktari angempita mlangoni asimtambue. Ndiyo maana nakasirika.

Wanja wa Nyeri: Nami nimuulize Fundi. Kamiti, wakati wa Mau Mau, Waingereza waliwafunga mama zetu. Mzungu akitengeneza picha kama hii juu yao, nyanya yangu akiwa humo, utasema ziuzwe?

Fundi Seti: Usilete Kamiti, tunaongelea Ilsa. Na hakuna aliyenijibu kuhusu marufuku.

Wanja wa Nyeri: Nimekuuliza swali, unakimbia.

Mzee wa Usa River: Mwache. Fundi, babu yako alikuwa wapi Burma? Au umemtaja tu?

Fundi Seti: Divisheni ya 11, bonde la Kabaw, 1944, mvua na matope mpaka magotini. Mzee, utanitaka radhi. Askari Mzungu wa cheo kile kile alilipwa mara kadhaa ya babu yangu, na huyo babu ndiye mnayesema nimemtaja tu?

Mzee wa Usa River: Radhi kwa lipi? Nawe ndiye uliyesema vita havituhusu. Soma ulichoandika juu.