Picha ya marehemu baba yako nitamuuzia nani mwingine? Wateja wa picha za kuchora mnatuumiza

Wakuu habari zenu. Naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha, anayetaka kuniambia nitulie kwanza anisamehe.

Kuna jamaa mmoja, mtu mzima na kazi yake nzuri tu, kanipa oda ya picha ya marehemu baba yake, rangi za mafuta, sentimita 60 kwa 80, ya kupeleka nyumbani Moshi Desemba ukoo ukikusanyika. Tukaelewana laki nne na nusu, akatoa laki moja ya kianzio, akasema fundi we anza, nyingine inakuja. Sasa hiyo picha aliyonipa nichoree, aisee. Pasipoti saizi ya nyeusi na nyeupe iliyobanduliwa kwenye cheti cha zamani, muhuri umekatiza shavu la kushoto, sikio lote limefunikwa na wino, halafu hata hakuileta yenyewe, kaipiga kwa simu usiku flashi ikamulika paji lote la uso wa mzee, kanitumia Wasap. Ukiivuta kwenye skrini jicho la mzee ni vidoti vya kijivu basi, hakuna mboni hakuna kope. Ikabidi nianze kupiga simu kwa shangazi yake kuuliza mzee alikuwa maji ya kunde au mweusi kabisa, nywele zilikuwa zimerudi nyuma kiasi gani, nikaomba picha za mdogo wa huyo marehemu ambaye wanasema walifanana, sikio la kushoto nimelichora kwa kumwangalia huyo mdogo mtu. Hiyo yote ni kabla brashi haijagusa kitambaa.

Kazi imeisha, shangazi mtu kaja kaiona katoa machozi kasema huyu ndiye kaka yangu. Jamaa mwenyewe kaja na marafiki zake, kaitazama, kapiga picha kwa simu yake, halafu ananiambia dogo mbona Kariakoo wanaprinti kwenye kanvasi kwa elfu sitini, shika laki nyingine hii tumalizane.

Tumalizane!! Yani tulipatana mwenyewe akiwa na akili zake timamu, kazi imekamilika, sura imekubaliwa na ndugu zake, ndo anaanza kupatana upya. Na anafanya hivyo kwa sababu anajua kitu kimoja: hii picha duniani ina mnunuzi mmoja tu na ni yeye. Wale wenzetu wanaochora picha za Tingatinga pale Morogoro Stores Oysterbay, mtalii akikataa bei ya picha ya tembo leo, tembo anabaki ukutani na kesho anapita mtalii mwingine anamchukua. Mimi mzee wa watu nimpeleke wapi? Nani Mikocheni au Tabata anataka kutundika sebuleni baba wa mtu asiyemjua? Ndo maana picha ya sura ya mtu haiwezi kuuzwa kwa mazungumzo ya kariakoo kariakoo, mteja akishaona kazi imeisha ameshakushika pabaya.

Na hiyo ya kuprinti nimechoka nayo kabisa. Mashine inakuza kile kilichopo kwenye picha, ukiipa ile pasipoti itakukuzia muhuri na ile flashi, sikio haitakupa. Tena kuna wahuni siku hizi wanaprinti picha kwenye kanvasi halafu wanapaka jeli ya kung'aa juu kwa brashi ili ishike mikwaruzo, wanawaambia watu imechorwa kwa mkono, bei yetu sisi inaonekana wizi. Mnaonunua chukueni lenzi muiangalie karibu, kama imeprintiwa utaona vidoti vidogo vya rangi chini, halafu iinamisheni kwenye mwanga, mikwaruzo ya brashi haifuati pua wala mdomo, inapita tu ovyo. Kwenye ya mkono rangi inageuka pale uso unapogeuka.

Watu wanasema rangi tu hiyo na kitambaa. Haya, rangi nzuri za mafuta zinatoka nje, dola ikipanda na zenyewe zinapanda, na nyeupe inaisha kabla ya zote. Fremu ya ndani ukimpa seremala mbao mbichi inapinda na kanvasi inalegea, kwa hiyo unalipia mbao kavu. Ngozi yetu nayo si kahawia ukachanganya na nyeusi ukamaliza, ukitia nyeusi ya kwenye tyubu uso unakuwa kama majivu, mi kivuli cha shavu napata kwa kuchanganya bluu na kahawia nyekundu, na kwenye paji la uso pale mwanga unapopiga kuna ubluu fulani wa mbali ambao usipouweka mtu anaonekana amekufa. Nimekaa miaka najifunza hiyo. Halafu rangi ya mafuta haikauki kwa maji kuondoka kama akriliki, ile rangi inayochanganywa na maji, inakauka taratibu kwa kushikana na hewa, tabaka moja linakula siku kadhaa kabla hujaweka lingine, ukikimbilia inakuja kupasuka ukutani kwako. Mtu anakuja Jumatatu harusi Jumamosi, anataka wazee wake wote wawili, na mama apunguzwe umri, na bei ya kirafiki, atanipa promo. Promo hailipi kodi ya chumba.

Na msiseme kianzio ni tamaa ya wasanii wa Bongo. Joshua Reynolds, mchoraji wa sura za watu kule London, miaka ya 1780 alikuwa na bei inayojulikana kwa ukubwa, kichwa gini 50 (hela ya Waingereza ya enzi hizo), nusu mwili 100, mwili mzima 200, na mteja alilipa nusu akikaa mara ya kwanza kuchorwa. Alikuwa anachora malodi, na hao malodi walitoa nusu!

Picha iko kwangu na haitoki mpaka laki tatu na nusu iliyobaki iingie, hata Desemba ipite. Shangazi kanipigia anaomba nimwonee huruma kijana wake, nikamwambia shikamoo shangazi, nakuheshimu sana, lakini kijana wako hela anayo, mwambie alete.

Wachoraji mliomo humu, nyie mnashika nusu au robo tatu kabla ya kuanza? Na kuna mtu anaandikishana na mteja kwenye karatasi? Kama una mfano wa mkataba wa Kiswahili uweke hapa tuutumie wote.