Gauni la mtoto halipiti kichwani, nimekosea wapi?

mama_wawili
Habari zenu wadau, msaada tutani. Mama mkwe kaniachia cherehani chake cha miguu, Butterfly ya zamani ile nyeusi, nikasema sasa basi, sinunui tena vigauni vya sikukuu vinavyofumuka kabla pilau halijaisha. Nina binti wa miaka 3 na kaka yake wa miaka 5. Nikachukua kitenge kilichobaki kwenye vijora vyangu, nikakikunja, nikalaza gauni lake la zamani juu yake, nikazungusha chaki, nikakata. Nimeshona jioni nzima mgongo unaniuma, kuja kumvalisha kichwa hakipiti! Likafika masikioni likakwama, mtoto analia humo ndani na baba yake badala ya kunisaidia anacheka. Halafu uzi unajikusanya kwa chini kama nywele kwenye chanuo, nikivuta unakatika. Na hicho kitenge kina picha za ndege, mbele wamesimama vizuri, mgongoni wote miguu juu. Nimekosea wapi? Na mtu asiyejua kabisa aanze na nguo gani? Kozi siwezi, muda sina.

fundi_uani
Pole dada, hilo la kichwa mafundi wengi tumelifanya ila hatusemi. Cheki tena hilo gauni la zamani, lazima lina zipu au vifungo mgongoni, au ni kitambaa cha kuvutika kama cha tisheti. Kitenge hakivutiki. Kwa hiyo ukitaka kukata shingo pima kichwa, zungusha futi kamba juu ya nyusi ipite nyuma pale kichwa kilipotokeza, mtoto wa miaka 3 huwa inacheza kwenye sm 49 au 50, na shingo ikishapindwa iwe imezidi hapo kidogo. Kama hutaki shingo pana pasua mgongoni kama sm 10 halafu weka kitanzi na kifungo kimoja. Hilo gauni lako usilitupe, lipasue hivyo hivyo litavalika. Kamba za kufunga shingoni usiweke kwa mtoto wa umri huo, zinanasa. Na kifungo kikaze kweli kweli maana ataking'oa aweke mdomoni.

Ndege wamepinduka kwa sababu ulikunja kitenge kutoka juu kwenda chini ukakata mbele na nyuma kwa pamoja. Kitenge chenye picha kata mbele peke yake na nyuma peke yake, vichwa vyote viangalie mabegani.

Sasa uzi. Ukijikusanya chini watu wanalaumu bobini, ile ya uzi wa chini, wakati mara nyingi ugonjwa uko juu. Ule mguu unaokandamiza kitambaa unyanyue KABLA hujapitisha uzi, ukiwa umeshuka zile sahani mbili za kukaza uzi zinakuwa zimebana, uzi unapita juu juu haukai katikati yake. Halafu cherehani cha kukanyaga, mtu mgeni gurudumu linamrudia nyuma bila kujua na hapo lazima uzi uvurugike. Toa uzi kabisa, weka sindano kuukuu, chukua karatasi ya daftari ushone juu ya mistari mpaka mguu uzoee. Ukirudi kwenye kitenge weka sindano namba 14 mpya, ule mfereji mrefu uwe upande unaoingizia uzi. Sindano ikikaa kinyume itaruka mishono mpaka ukichukie hicho cherehani.

tuliza_boli
Dada nenda mnadani mitumba ipo bei chee. Kushona kwa ajili ya mtoto anayekua kila mwezi ni kujitesa tu

binti_mvita
@tuliza_boli si umuache ajifunze jamani, kwani anakula kwako?

Shoga usikate tamaa. Mimi niko Mombasa, gauni langu la kwanza nililitoa kwenye leso na sikuangalia jina limekaa wapi, mwanangu akiinama kuokota kitu twasoma makalioni MWENYE WIVU AJINYONGE. Amelivaa hivyo hivyo hadi likamkaza.

Ila mimi naona umeanzia pagumu. Gauni lina shingo, lina makwapa, mambo mengi. Anza na bukta ya huyo kaka mtu. Tafuta shuka la mtumba la kuharibia, ulifue kwanza maana pamba hurudi. Chukua bukta inayomtosha, ilaze juu ya gazeti, uvute kiuno mpaka lastiki inyooke ndio uchore. Mbele peke yake, nyuma peke yake, nyuma hupanda juu zaidi, usipofanya hivyo akichuchumaa wote watamuona. Ongeza sm 1.5 za mshono, juu sm 4 za kupitishia lastiki, chini sm 3 za pindo. Shona kila mguu kivyake, kisha mmoja ugeuze upande wa nje uonekane, uutumbukize ndani ya mwenziwe, halafu ushone ile U ya katikati mara mbili, hapo ndipo hupasuka. Lastiki pima kiuno chake upunguze sm 4 au 5, ipitishe kwa pini ya nepi. Na usione uvivu wa pasi, kila mshono ukimaliza piga pasi, nguo hubadilika kabisa.

mama_wawili
Asanteni sana, gauni nimelipasua mgongoni limevalika, hajalivua tangu jana! Na ule uzi kweli ilikuwa ule mguu, nilikuwa napitisha umeshuka.

Ila bukta nayo imenishinda jamani. Shuka sikupata nikatumia kile kile kitenge, nikakata kipande kimoja kimoja nikigandamiza gazeti, sasa nina mbele mbili zote za kulia na nyuma mbili zote za kulia. Nimekaa hapa nazitazama tu. Na kitenge kimeisha.

fundi_uani
Haha karibu kwenye chama. Siku nyingine kunja kitambaa kutoka ubavu kwenda ubavu, sio juu kwenda chini, kata viwili kwa pamoja, vitatoka kulia na kushoto vyenyewe. Sasa hivi angalia upande wa ndani wa hicho kitenge, rangi imetokeza sawa na nje au imepauka?

mama_wawili
Iko sawa tu, hata sijui nje ni upi

fundi_uani
Basi hujaharibu kitu. Geuza mbele moja na nyuma moja ushone. Ndege watakuwa wanaangaliana tu.