UZI WA HASIRA: Kompyuta inabebwa waziwazi, halafu tunaambiwa eti hiyo ndiyo "levo ngumu"

Wakuu, heshima kwenu.

Naandika nikiwa na hasira na sizifichi. Nazungumzia magemu ya mkakati ya kihistoria, yale ya zamu kwa zamu, unaanza na kijiji na watu wachache, unajenga dola mpaka zama za ndege na mabomu. Gemu ninalocheza mimi jina lake nalihifadhi, sitaki uzi huu ugeuke ubishi wa kampuni. Wanaolicheza watalitambua kabla hawajafika katikati.

Hoja yangu ni moja. Adui wa kompyuta kwenye haya magemu hana akili ya vita wala ya siasa, na watengenezaji badala ya kumtafutia akili wamempa vya bure. Ukipandisha levo haongezeki ujanja, anaongezewa mali. Sisi tunauziwa hiyo kwa jina la ugumu.

Na hili si la kubahatisha. Chukueni gemu la Civilization VI lililotoka 2016, mambo yake yanajulikana na kila mchezaji mzoefu. Kwenye levo ya juu kabisa, Deity, kompyuta inaanza na walowezi 3, yaani watu wa kuanzisha miji, wewe mmoja. Uzalishaji na dhahabu inaongezewa asilimia 80, sayansi na utamaduni asilimia 32, na kila askari wake anaingia vitani na pointi 4 za nguvu juu ya askari wako wa aina ileile. Gemu langu nalo ndiyo mtindo huohuo, na mengi ya aina hii yako hivyohivyo. Mtu akikaa na wewe kwenye bao, ukaja kugundua ana kete za ziada mfukoni, hakuna mzee hapa Tabora atakayemwita fundi. Atanyanyuliwa pale alipokaa.

Kama angebebwa halafu akacheza vizuri ningenyamaza. Tatizo anabebwa na bado hajui kupigana.

Nina mji wa mpakani, uko kati ya mto na kilima, una ukuta, na ndani nimeweka kikosi kimoja cha wapiga mishale. Jirani akatangaza vita. Akaja na jeshi la kufunika ramani: wenye mapanga, wapiga mishale, farasi, na manati za kubomolea ukuta. Kwa jeshi lile mji nilikuwa nimeshauhesabu umekwenda. Yeyote mwenye akili angetanguliza wenye ngao, manati zikae nyuma yao, farasi wakavukie mto kule juu waje kunipiga mgongoni. Yeye alichofanya, manati ndizo zilivuka mto kwanza, peke yake, bila ulinzi, zikaja kusimama chini ya ukuta wangu. Nikazimaliza kabla hazijarusha hata jiwe. Nyuma yake wakaja wapiga mishale, wametangulia mbele ya wenye mapanga. Nao wakaisha. Farasi muda wote huo wanazunguka kilima, wanaenda wanarudi, wanaenda wanarudi, hawajui wampige nani. Sikuleta msaada kutoka mji mwingine wowote. Kikosi kimoja!

Na hapa ndipo ninapochemka zaidi. Hazikupita zamu nyingi, jeshi jingine la ukubwa uleule likatokea njia ileile, likafanya upuuzi uleule. Kwa dola ya kawaida, ukipoteza jeshi zima umerudi nyuma kizazi kizima. Yeye hana hasara, uzalishaji ni wa kupewa. Kwa hiyo ugumu wenyewe ni kwamba haishi, unaua mpaka vidole vinachoka.

Kisha akaomba amani. Majeshi mawili yamekufa, mji wake mmoja nimeshauchukua, na masharti anayoniletea ni nimpe miji miwili na dhahabu yote iliyo hazina. Nikikataa ananitukana kwamba mimi ni mpenda vita. Vita aliyoianza yeye!

Sasa wakuu, mimi niko Unyamwezini. Historia ya Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, tumeisoma na tumesimuliwa, na ndiyo maana haya magemu yananiuma. Mwaka 1871 Waarabu wa Tabora wakiwa pamoja na Stanley, mwandishi wa habari aliyekuwa safarini kumtafuta mmisionari Livingstone, walikwenda kumpiga Mirambo. Walikuwa wengi na bunduki wanazo. Wakachoma vijiji, wakabeba pembe za ndovu na mateka, wakaanza kurudi wakijua kazi imekwisha. Mirambo hakukaa bomani kusubiri. Aliwavizia njiani kwenye majani marefu, wamelemewa na nyara, akawapiga palepale. Waliosalia walikimbia ovyo, Stanley naye akarudi Tabora. Agosti hiyohiyo Mirambo akaufuata mji wenyewe, sehemu yake ikateketea. Njia ya kwenda Ujiji ikafungwa, na Stanley ikabidi azungukie kusini ndipo akafika kwa Livingstone.

Hebu angalieni kilichomo humo. Kuvizia. Kumwacha adui ashibe nyara ndipo umpige akiwa mzito. Kufunga njia ya biashara ili mfanyabiashara aumie hata kama hujamfikia. Haya yalifanywa miaka zaidi ya 150 iliyopita na mtu aliyeanzia kwenye utemi mdogo. Kwenye gemu langu misafara yangu ya biashara inapita mbele ya askari wa adui, vita imeshatangazwa, na hawaigusi! Dhahabu inayonilipia jeshi inapita machoni pake, yeye kakazana kupeleka manati mtoni.

Na siasa ndiyo kabisa. Mirambo huyohuyo aliwasiliana na John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza kule Zanzibar, na kuanzia 1879 akamkaribisha mmisionari daktari, Southon, aishi Urambo, makao yake. Alijua anachokitafuta: njia yake mwenyewe ya kufika pwani bila kuwapigia magoti wafanyabiashara wa Tabora. Unaweza kumpenda au kumchukia, lakini kila hatua yake ina sababu. Adui wangu wa kompyuta analeta urafiki zamu hii, zamu ya pili ananilaani kwa kuweka askari karibu na mpaka wake. Mpaka upi? Ule alioupachika yeye kwa kuja kujenga kijiji katikati ya ardhi yangu, mahali pasipo maji, pasipo shamba, pasipo chochote. Mwingine ananibembeleza tuingie vitani pamoja dhidi ya jirani. Naingia, natoa askari wangu, nauchukua mji tuliokubaliana. Papo hapo ananigeuka pamoja na dunia nzima, eti mimi mchokozi. Nimesaini na nani sasa ile vita?

Kurudi nyuma nako hawajui. Septemba 1916, kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, Wabelgiji walipoukaribia mji huu wetu wa Tabora, Wahle, jenerali wa Kijerumani, hakulifia boma. Aliliondoa jeshi, Wabelgiji wakaingia tarehe 19, na Wajerumani wakaendelea kupigana chini ya kamanda wao mkuu, Lettow-Vorbeck, hadi Novemba 1918. Mji ukienda, jeshi linabaki, vita inaendelea. Askari wa kompyuta aliyebakiwa na uhai kidogo anajitupa ukutani. Hata siku moja sijamwona anarudi kujiuguza akiwa na nafasi ya kufanya hivyo.

Majini sina hata haja ya kusema sana. Ndugu zetu wa Kigoma wanaijua Liemba. Ile ni meli ya Wajerumani iliyotumika vitani, Graf von Goetzen, ilitoka Ujerumani vipandevipande, ikapandishwa reli kuelekea Kigoma, ikaunganishwa na kuingia ziwani 1915. Watu walihangaika kiasi kile kwa sababu aliyeshika Ziwa Tanganyika ndiye aliyehamisha majeshi, na 1916 wakaona bora waizamishe wenyewe kuliko itekwe. Kompyuta inapakia jeshi zima kwenye maboti bila meli hata moja ya kulinda, nikiwa na jahazi moja bovu la kivita nalimaliza lote.

Kuna watakaonijibu kwamba kompyuta ndipo uwezo wake unapoishia. Mwaka 1997 kompyuta ya Deep Blue ilimfunga Kasparov, bingwa wa dunia, kwenye chesi, na haikuanza na malkia wawili. Nakubali kwamba chesi ina vyumba 64 na kila kitu kiko wazi mezani, wakati ramani ya gemu la mkakati ina maelfu ya vigae na sehemu kubwa iko gizani. Ni kazi ngumu kweli. Lakini wapo walioifanya. Toleo jipya la gemu la Age of Empires II lililotoka 2019 lina kompyuta isiyopewa rasilimali za bure, inalima, inachimba na kukata miti kwa sheria zilezile zako, na bado inawatoa watu jasho. Na Civilization V, baada ya mashabiki kupewa kodi za ndani (yaani maandishi ya programu yanayoliendesha gemu), wakatengeneza Vox Populi, maboresho yao wenyewe ya gemu hilo, na kompyuta ya humo inajua kupanga wenye ngao mbele na wapiga mishale nyuma. Watu wa kujitolea hao, wanafanya baada ya kazi zao, hawalipwi. Kwa hiyo msiniambie haiwezekani. Waliolipwa hawakutaka.

Wanachotaka ni kuuza watawala wapya. Kila apdeti inakula bando langu, naifungua kwa hamu, nakuta mfalme mpya mwenye mavazi mazuri na muziki wake. Akili ya kupigana ni ileile ya siku ya kwanza. Hakuna mtu anayeweza kuipiga picha akili ikawekwa kwenye tangazo, nadhani ndiyo maana.

Na sisi wachezaji tumelilea hili. Tumezoea kuucheka upuuzi wa kompyuta hadi tumeutungia hadithi. Mmeisikia ile ya Gandhi, kwamba kwenye Civilization ya kwanza hitilafu ya hesabu ilimfanya awe mwendawazimu wa nyuklia. Mwaka 2020 Sid Meier mwenyewe, aliyelitengeneza gemu hilo, alisema hitilafu hiyo haikuwahi kuwepo. Watu wanaendelea kuisimulia kwa sababu inafurahisha. Mimi hainifurahishi tena. Nimelipia gemu, nataka mpinzani.

Ninachodai hakina makuu. Levo ziitwe kwa ukweli: kama ni levo ya kumpa adui mali, iandikwe hivyo palepale pa kuchagua, na iwepo nyingine ambayo anacheza kwa sheria zangu na akili yake yote. Afundishwe kurudi nyuma, kuvamia misafara, na kulinda manati zake. Amani iombwe na aliyeshindwa kwa masharti ya aliyeshindwa. Wakishindwa hayo, watoe kodi za ndani kama walivyopewa wenzetu wa Civilization V, mashabiki wataifanya kazi.

NYONGEZA: Naona wengi mmeniambia nishushe levo. Wakuu, nimeshuka. Adui ni yuleyule, manati zinavuka mto vilevile, tofauti ni kwamba haleti tena jeshi la pili. Gemu linakuwa limeisha kabla ya zama za bunduki, kilichobaki ni kubonyeza zamu ifuatayo mpaka skrini ya ushindi itokee.

Mkuu uliyesema nicheze na watu mtandaoni, nakuelewa, ila mechi moja ya haya magemu inakwenda masaa na masaa. Huku umeme ukikatika katikati umewaharibia watu wanne waliokaa wanakusubiri, na hakuna atakayekualika tena. Tulio wengi mikoani mpinzani wetu ni kompyuta, hatuna mwingine. Jioni tunakusanyika kwenye mashine moja tunapokezana, mmoja anacheza wengine wanashauri, na raha yote inategemea yule wa upande wa pili ana nini kichwani.

Mdau aliyeuliza kuhusu Vox Populi: ni ya bure, lakini lazima uwe na Civilization V pamoja na nyongeza zake mbili kubwa. Kama kuna mtu humu anaiendesha kwenye laptopu yenye RAM ya GB 4 aniambie zamu za mwisho zinachukua muda gani, na ramani ya ukubwa upi inakubali bila kuganda. Mimi huku nilipo nafuta gemu hili leo.