Yule bwana wa kipindi cha jioni amenikatia simu kisa Niger!

Wakuu, nina hasira mpaka chai imepoa mbele yangu. Mnamjua, sauti yake iko kwenye kila daladala. Jana kasema serikali ya Bush, rais wa Marekani wa wakati ule, haikudanganya kuhusu silaha za maangamizi za Iraki, eti ilikosea tu kama wengine. Nikapiga. Nimeshikilia simu mpaka ndevu zimeota, zamu yangu ikafika, nikasema: kaka, na Niger je? AKACHEKA. Akanikatia.

Kacheka! Januari 2003 Bush kasimama mbele ya Bunge lao akasema Saddam, rais wa Iraki, anasaka urani Afrika, ile ya kutengenezea bomu la nyuklia. Mwaka mmoja nyuma walishamtuma Niger balozi wao mstaafu, Joseph Wilson, achunguze kama Iraki inanunua urani huko, akarudi akasema biashara hiyo haiingii akilini. Hata Powell, waziri wao wa mambo ya nje, Februari 5 alipoishtaki Iraki pale Umoja wa Mataifa, kichupa cha mfano wa kimeta mkononi, Niger hakuitaja. Machi 7 ElBaradei, mkuu wa shirika la nyuklia la Umoja wa Mataifa, akaliambia Baraza la Usalama kwamba karatasi zilizodai Iraki inanunua urani Niger ni za kughushi. Siku 13 baadaye, mabomu Baghdad. Mtu kaambiwa hati ya kiwanja ni feki, bado anaenda kuvunja nyumba ya jirani, huyo kakosea? Namuuliza hilo, ananichekea hewani, nchi nzima inasikia!

Mzee wa Kigogo: Umekatiwa simu tu mkuu. Mimi nimekatiwa umeme tangu juzi.

Binti Pangani: Bush alisema Waingereza ndio waliogundua, usiwasahau. Mimi wangu ni Blair, waziri mkuu wao wa wakati ule, aliyedai Iraki inaweza kuandaa silaha hizo ndani ya dakika 45, na hamna anayemfungulia uzi.

Mtoa mada: Lakini KACHEKA, dada!

Kobe Mwepesi: Unalilia redio ya hapa? New York Times wenyewe walikiri Mei 2004 kwamba habari zao za silaha hazikuchujwa inavyopaswa. Televisheni zilizompigia Bush vigelegele, mimi sijazisikia zikiomba radhi.

Mzee wa Kigogo: Redio hiyohiyo Jumapili imekata mpira dakika ya 88, wakaweka tangazo la godoro. Kurudi, bao limeshaingia.

Kobe Mwepesi: Hilo ndilo la kufungulia uzi.

Mtoa mada: Jamani, Niger!

Binti Pangani: Godoro lile la inchi 6? Langu limebonyea miezi miwili tu, na duka halipokei simu.

Mzee wa Kigogo: Ulinunua wapi, dada? Wife kashalipia la kwetu leo asubuhi.