Kusoma mchoro wa sakiti nianzie wapi wakuu?

Habari wakuu, napenda sana elektroniki ila sijasomea, nikifungua redio mbovu vifaa navijua kwa sura, risista ile, kapasita ile, lakini nikiona mchoro wa sakiti naona mistari tu. Alama nimekariri zote na bado sielewi umeme unaanzia wapi unaishia wapi. Mliojifunza wenyewe nyumbani mlifanyaje?

Jibu: Usikariri mkuu. Tafuta kwanza chanya ya betri, mara nyingi wanaichora juu na graundi (upande wa hasi) chini, afu shuka nayo taratibu. Alama za graundi hata zikiwa kumi kwenye karatasi ni sehemu moja, hapo ndo wengi tunapotea. Na mistari ikikatizana bila kidoti haijaungana.

Jibu: Unga sakiti ya IC 555, kichipu cha kupima muda, ni bei chee. Betri ya volti 9, risista ya kilo-omu 1 na ya 68, kapasita ya mikrofaradi 10, taa ya LED na risista yake ya omu 470. Kapasita inajaa mpaka volti 6, 555 inaimwaga mpaka volti 3, inajaa tena, ndo maana taa inawaka na kuzima karibu kila sekunde. Ukiweka kapasita ya mikrofaradi 100 kila mzunguko unachukua sekunde 9 na kitu, hapo bandika multimita kwenye kapasita uone volti zinavyopanda na kushuka, utafurahi mwenyewe.

Swali: Asante sana, ila mbona namba za pini (miguu) za 555 kwenye mchoro hazifuatani?

Jibu: Zinapangwa kwa kazi yake, wewe soma namba tu.